Re: Moto msitu wa Boni, nani anauona?

Ndugu, umeuliza nani anajua moto umewaka katikati ya msitu wa Boni, huku pwani ya kaskazini mwa Kenya, ambako hakuna mtu wala mtandao. Mara nyingi wa kwanza ni setilaiti. Kifaa kiitwacho VIIRS, kilichofungwa kwenye setilaiti, husoma joto la ardhi kwa vipande vya mita 375, usiku na mchana, na NASA, shirika la anga la Marekani, huweka sehemu zenye joto kali kama nukta nyekundu kwenye FIRMS, ramani yake ya moto ya mtandaoni, bure, kwa kawaida ndani ya saa 3. Hata wewe ukiwa Lamu waweza kuifungua kwa simu. Ila mawingu mazito huuficha moto, na nukta nyekundu yaweza kuwa mtu anachoma shamba tu. Hapo ndipo mrina asali au mchungaji aliyeona moshi anaposaidia kuliko mashine.

Kuuzima ndiyo kazi. Huku gari la zimamoto lisahau. Mchanga tu utalimeza. Askari wa KFS (shirika la misitu) na KWS (shirika la wanyamapori), pamoja na wanakijiji, huupiga kwa matawi mabichi na kufyeka ukanda mbele yake hadi udongo ubaki mtupu. Kaskazi ikivuma mchana, moto huruka ukanda huo, kwa hiyo usiku ndio wakati mzuri. Ukishazimika, magogo hufuka ndani kwa ndani. Lazima watu wabaki kuyalinda.