Jibu kwa aliyeuliza: nimeokoka, mbona bado naishi kwa hofu?

Dada, umeuliza mbona umeokoka miaka mitatu na bado unalala na hofu. Mchungaji kakwambia kuna laana ya ukoo haijavunjwa, uje Ijumaa na laki moja na nusu ya sadaka ya mbegu. Nimesoma majibu ya wenzangu, wengine wamekutukana bure. Mimi nimepita njia hiyo hiyo, ngoja nikusimulie.

Nauza mukene hapa Busia, upande wa Uganda (dagaa wale, wenzetu ng'ambo ya mpaka wanaita omena). Kwa miaka kama minne sikukosa kesha la ukombozi. Niliambiwa nilete majina ya mababu. Nilipokwama kizazi cha tatu nikampigia shangazi simu usiku wa manane kumuuliza kama kwetu aliwahi kuzikwa mganga. Shangazi alidhani nimefiwa. Chupa ya mafuta ya upako ilikaa chini ya meza, na kila asubuhi kabla sijafungua gunia naipaka meza miguu yote minne. Biashara ikienda vizuri, mafuta yamefanya kazi. Ikiharibika, kuna kitu hakijavunjwa, rudi Ijumaa. Hebu niambie, kwa hesabu hiyo mtu anatoka lini?

Na juu ya meza hiyo hiyo kulikuwa na gorogoro yangu, lile kopo la kupimia. Kitako nilikuwa nimekigonga kwa jiwe kikaingia ndani, kina cha vidole viwili hivi. Wauzaji wenzangu mnaijua hiyo. Najaza, naweka kilima juu, mteja anaondoka anacheka, kumbe chini nimemnyima kiganja kizima. Miaka yote nakemea mizimu ya kwetu kwa sauti ya kukauka, gorogoro sijaitaja hata mara moja.

Aliyenishika ni bibi mmoja mlokole, wale wa zamani ambao hata chai ikiletwa wanaanza kuimba Tukutendereza, wimbo wao wa sifa. Alikuwa mteja wangu. Siku hiyo aliichukua gorogoro tupu, akaigeuza, akatia ngumi yake kwenye kile kishimo, ikaenea. Akanitazama. "Mwanangu, hii inakuacha ulale?" Nililia pale pale, mikono inanuka samaki, watu wanapita.

Baadaye alinikalisha kwake akanieleza habari za walokole wa kwanza, ule uamsho uliotoka Gahini kule Rwanda ukaenea Uganda miaka ya 1930. Neno lao kubwa lilikuwa kutembea nuruni. Mtu anasimama mbele ya wenzake, anataja alichoiba, kisha anakirudisha kwa mwenyewe. Hakuna chupa. Damu ya Yesu imeshalipa, kwa hiyo huna sababu ya kuendelea kujificha. Nilikuwa nimeokoka miaka na hilo la mwisho hakuna aliyewahi kuniambia.

Halafu akanisomea Wagalatia 5:1, "wala msinaswe tena chini ya kongwa la utumwa." Kongwa ni ule mti wa panda waliofungwa shingoni mateka wa misafara. Na angalia, Paulo hakuwa anawaandikia wapagani. Wale walikuwa wameshaamini, ila wakaja watu wakawaambia Kristo peke yake hatoshi, ongezeni tohara. Wewe umesema kwenu ni Mbale. Unaijua imbalu, tohara ya vijana wa kwenu, kila mwaka wa shufwa, unajua na maneno anayosemewa kijana ambaye hajasimama mbele ya kisu. Basi Paulo anawaambia Wagalatia: mbele za Mungu msiongeze kisu. Naona kwetu Busia angesema msiongeze mafuta.

Sisemi pepo hawapo. Yesu aliwatoa, lakini sijasoma mahali alipomtoza mtu. Na yule ndugu aliyeandika kwamba ukiwa huru fanya utakalo, ashuke mpaka mstari wa 13 wa sura hiyo hiyo, unaokataza uhuru kuwa sababu ya kuufuata mwili.

Nilinunua gorogoro nyingine. Wateja wa karibu niliwaambia ukweli. Wawili wakanihama, mmoja akacheka akasema alijua siku zote. Faida ilishuka, sitakudanganya, mwezi ule hata hela ya kikundi nilichelewesha. Hofu nayo haikutoka siku moja: mtoto akipata homa mkono ulienda wenyewe chini ya meza kutafuta chupa. Siku nyingine najikuta nasema Warumi 8:1 kwa sauti huku napima, "hakuna hukumu ya adhabu", mteja anadhani namhesabia. Lakini usiku nalala. Yale mafuta ya zeituni yaliyobaki nilimpaka mtoto magotini kipindi cha vumbi, yakaisha vizuri tu.

Sasa turudi kwako. Katikati ya maelezo yako kuna sentensi moja umeipitisha haraka, kwamba wewe na dada yako hamjasemezana tangu mazishi ya baba, kwa sababu ya kile kiwanja. Mimi gorogoro yako naiona pale. Nauli ya kwenda Mbale na kurudi haifiki laki moja na nusu. Ijumaa hii panda basi, na ukirudi utuambie mlianzia wapi.