Nani anakula vita vikirefuka? Majibu kwa wasomaji

Ni kweli Uganda tuna kiwanda cha silaha? (Msomaji, Masindi)

Ndiyo, Nakasongola. Kinaitwa Luwero Industries na kiko chini ya NEC, shirika la biashara la jeshi lililoundwa 1989. Kinatengeneza risasi za silaha ndogo na kukarabati zana. Ndege za kivita tunanunua nje.

Nchi tajiri zina viwanda vingi. Mbona Ukraine ilikosa makombora ya mizinga? (Mwanafunzi, Makerere)

Viwanda vile vilipangwa kwa kasi ya wakati wa amani. Kabla ya Urusi kuivamia Ukraine mwaka 2022, Marekani ilitoa makombora ya milimita 155 yapatayo 14,000 tu kwa mwezi. Machi 2023 Umoja wa Ulaya uliiahidi Ukraine milioni moja ndani ya miezi 12, na muda ukapita ahadi haijatimia. Mwenye kiwanda hanunui mashine mpya bila mkataba wa miaka kadhaa, maana vita vikiisha mapema hasara ni yake. Uingereza ilikwama hivyo hivyo 1915, katika Vita Kuu ya Kwanza, hadi serikali ikaunda wizara nzima ya zana za vita chini ya mwanasiasa David Lloyd George. Wanawake walijaza viwanda hivyo, na baruti ikawageuza wengine ngozi kuwa ya manjano.

Baba yangu alifia Pabbo, katika kambi ya wakimbizi wa ndani. Watu husema vita vya Kony vilirefuka kwa sababu kuna waliokula. Ni kweli? (Mama, Amuru)

Pole sana, mama. Swali lako limenikalia moyoni wiki nzima.

Sitasema pesa ndizo zilizoanzisha vita vile mwaka 1987. Kony, kiongozi wa waasi wa LRA, aliteka watoto wetu akawafanya askari, na serikali ya Sudan kule Khartoum ikampa silaha. Lakini waliokula walikuwepo. Kulikuwa na askari hewa: majina ya waliokufa au wasiokuwepo kabisa, mishahara yao ikiingia mifukoni mwa wakubwa. Mwaka 2003 jeshi lenyewe lilifanya uchunguzi. Fikiria kikosi kilichoandikwa watu 600 huku waliopo ni 350. Waasi wanapofika, hao 250 wa karatasini hawalindi kambi. Na anayepokea mishahara yao, siku amani ikija, anapoteza kipato.

Kisha zile helikopta nne kuukuu za kivita, aina ya Mi-24, kutoka Belarus, mwishoni mwa miaka ya 1990. Zilinunuliwa kwa ajili ya vita hivyo vya kaskazini, zikafika haziwezi kuruka. Tume ya Jaji Julia Sebutinde ilichunguza. Wakati huo watu waliokuwa wakisongamana kambini waliendelea kuongezeka, hadi wakazidi milioni 1.5, mashamba yakiota nyasi. Kwa hiyo ndiyo, mama: ulaji uliwarefushia mateso.

Vita vya Congo si vilituletea dhahabu? (Mfanyabiashara, Arua)

Dhahabu ilitoka, ndugu yangu, na bili ikafuata. Februari 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamuru Uganda iilipe Congo fidia ya vita vile, dola milioni 325, zikiwemo milioni 60 za mali asili iliyoporwa, kwa awamu tano za milioni 65 kila mwaka. Zinatoka Hazina, yaani katika kodi unayolipa kwenye sukari, mafuta na muda wa simu.