Riwaya za mapenzi zilinifundisha kwamba mimi ni dawa

Mwaka 2014, nikiwa kwenye ndoa yangu ya kwanza, nilikuwa nikisoma riwaya za mapenzi kila usiku. Nilizinunua kwa wauza vitabu vya mitumba karibu na stendi kuu ya Moshi, na zilipoisha nikahamia hadithi za kwenye simu, sehemu ya kwanza mpaka ya arobaini.

Karibu zote zilikuwa na mwanamume yuleyule: mkali, mwenye wivu, aliyeteswa utotoni. Anamfokea msichana, anamvuta mkono mbele za watu, kisha usiku mmoja anasimulia baba yake alivyokuwa akimchapa. Msichana analia, anamkumbatia, na ukali unaishia hapo. Mume wangu naye alilelewa kwa fimbo. Basi kila aliponipiga nilijiambia sijampenda vya kutosha. Mimi ndiye dawa, ila dozi haijatimia. Nilikaa miaka minne nikiusubiri usiku ule wa kwenye kitabu.

Dada yangu, ukikutana na mhusika wa namna hiyo, mwonee huruma, lakini tazama anafanya nini akishafuta machozi. Ametafuta msaada kwa mtu mwingine, au mzigo wote kamtwisha mkewe? Wapo wengi walioteswa utotoni ambao hawajawahi kumwinulia mtu mkono.

Nilipoondoka, vitabu vilinipoteza tena. Mwaka 2019 nilimpata mtu mpole, fundi seremala wa Majengo. Jioni moja alikuja bila kuniarifu. Niliposikia komeo la geti, mwili ulikauka, mwiko ukaniponyoka, nikajikuta nimejibana nyuma ya mlango wa jikoni. Kumbe alikuwa ameniletea mkungu wa ndizi mshare. Nililia sana siku hiyo, nikiamini nimeharibika, maana msichana wa kitabuni akishakumbatiwa anasahau yote.

Mshauri nasaha ndiye aliyenifungua macho. Daktari Judith Herman wa Marekani aliandika mwaka 1992 kwamba kupona kiwewe, yaani jeraha la moyo linalobaki baada ya mateso, kuna hatua tatu: kwanza usalama, kisha kukumbuka na kuomboleza, ndipo mtu anarudi kwa watu. Riwaya nyingi zinaanzia ya tatu. Tena mtu huenda mbele akarudi nyuma. Kwangu usalama ulikuwa chumba ambacho funguo ninayo mimi peke yangu, na usingizi. Kulala saa sita mfululizo kulinichukua karibu mwaka, na katika riwaya zote nilizosoma sikuona hata aya moja ya jambo hilo.

Bado nasoma. Napenda zile ambazo mwanamke ana kazi yake na rafiki wa kike wa kumsikiliza, na mpenzi anauliza kabla ya kumgusa, akikataliwa hanuni. Kama usiku umekuwa mbaya, kitabu chenye kipigo nakifunga, hata kikiwa kinasifiwa na kila mtu.

Yule fundi alinioa. Sikumwomba, lakini tangu siku ile ya ndizi, akifika kona ya kwetu hupiga mluzi kabla hajagusa komeo.