Mimi huhesabu mizani kwenye daladala

Mkuu, umeuliza mtu mzima asiyekunywa, asiye na timu na mwenye kipato cha kubana anapumzishia wapi akili akitoka kazini. Wenzangu wametaja bustani na mazoezi, sawa. Mimi natunga mashairi. Usikimbie, si ya mapenzi.

Nazungumzia tarbia, ile ya mishororo minne tuliyofundishwa shuleni halafu tukaisahau siku ya mtihani. Kila mshororo (mstari) una vipande viwili, kila kipande mizani 8, yaani silabi 8; vina, zile silabi za mwisho wa kila kipande, vya kati vinalingana na vya mwisho vinalingana. Kikipungua kitu, shairi ni guni, yaani lina kasoro. Ubaya wa kichwa changu ni kwamba hakiwezi kuhesabu silabi na huku kinapiga hesabu ya kodi ya nyumba. Kimoja lazima kipishe, na mara nyingi inapisha kodi.

Daftari sihitaji, vidole vinatosha: mkono mmoja na vitatu vya mkono wa pili, kipande kimetimia. Natunga nimesimama, kutoka Gongo la Mboto hadi mjini, Dar es Salaam. Abiria wa pembeni akidhani navuta uradi, namwacha adhani. Ubeti huu ni wa juzi:

Nimebanwa dirishani, foleni imesimama,
Konda yuko mlangoni, kila kituo husema,
"Sogeeni, sogeeni, kuko wazi kule nyuma!"
Nyuma ipi, jamaani, na mbele tumeshakwama?

Hiyo "jamaani" si kosa la kuchapa. "Jamani" ilinipungukia mizani moja nikaivuta; washairi huita mazda, ni ruksa, ila usiizoee. Ukifupisha neno inaitwa inkisari.

Mshororo wa pili ndio ulionila njia nzima. Nilitaka konda apige kelele, lakini "kelele" haiishii na "ma". Ikabidi nimtazame vizuri, pengine kwa mara ya kwanza tangu nianze kupanda magari yale. Kumbe hafoki. Anasema tu, sauti ileile, kituo baada ya kituo, kama mtu anayejua hakuna atakayesogea. "Husema" ikaja yenyewe. Kwangu faida kubwa ya vina ni hiyo: neno la kwanza linakataliwa, unalazimika kurudi kukikagua kitu ulichokuwa unakipita kila siku.

Wengine hudhani ushairi unataka mada nzito. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyelivumisha umbo hili la beti za mistari minne mwanzoni mwa karne ya 19, alitunga juu ya vita na siasa za mji wake, lakini pia mapenzi na mambo ya kawaida ya watu. Konda anaingia bila hodi.

Na msinifufulie ule ugomvi wa miaka ya 1970 wa mashairi huru, yale yasiyofuata vina na mizani. Kezilahabi, mshairi aliyeyatunga, namheshimu na namsoma. Ila kwa kazi hii ya kupumzisha kichwa ndani ya foleni, shairi lisilo na mizani halinifai, kwa sababu halina cha kuhesabu. Mawazo yangu yanapata upenyo na kodi inarudi.

Ukitaka kujaribu, anza na mshororo mmoja, tena juu ya kitu unachokiona hapo ulipokaa. Kina cha "ni" ni chepesi, kila mahali panaishia nacho: sokoni, kazini, nyumbani. Jitahadhari na vina kama "zo" mpaka uzoee. Usimwonyeshe mtu wa nyumbani mapema, atakuuliza kinalipa shilingi ngapi.

Au tufanye kama malenga wanavyojibizana magazetini. Konda hajajitetea bado. Mwenye ubeti wa kumtetea autupie hapa, vina vilevile, "ni" na "ma", nami nitamjibu nikiwa njiani kesho.