Kilo za sangara hazilingani: tununue programu moja?

SWALI: Shikamoo fundi. Natunza hesabu za wakala wa sangara hapa mwalo wa Igombe, Mwanza. Tunapokea samaki kutoka mitumbwini, tunawatoa matumbo na bondo (kile kibofu cha hewa), tunawapeleka kiwandani. Bondo ananunua mtu mwingine. Kila mmoja ana mfumo wake wa kompyuta, na kila mwisho wa mwezi kilo zinapishana mpaka watu wanatuhumiana wizi. Kijana mmoja anasema sote tununue programu moja. Mwingine anasema tunahitaji ontolojia. Tumsikilize nani?
Mtunza hesabu, Igombe

JIBU: Marahaba, mwanangu. Huyo wa programu moja mnunulie soda aende zake. Kiwanda kinachouza minofu Ulaya hakitaacha mfumo wake kwa ajili ya wakala mmoja, na mnunuzi wa bondo hataki mtu achungulie bei zake.

Ontolojia ni makubaliano yaliyoandikwa: vitu gani mnashughulika navyo, vinahusianaje, kwa namna ambayo kompyuta nayo inaweza kuyasoma. Lugha ya kuyaandikia ipo, inaitwa OWL. W3C, shirika linaloweka viwango vya wavuti, liliipitisha mwaka 2004. Kila mfumo unabaki ulivyo, ila kolamu zake zinaunganishwa na makubaliano hayo.

Sasa tazama kolamu yenu ya "uzito". Mwaloni mnapima sangara mzima. Ninyi mnampima tena akiwa hana matumbo. Kiwanda kinapima baada ya kutoa barafu na kreti, na kuwakataa walio chini ya sentimita 50. Namba tatu za kweli, zote zinaitwa uzito! Hapo hata malaika akitunza hesabu atatuhumiwa. Kwenye ontolojia, upimaji unakuwa tukio: nani kapima, lini, mzigo upi, samaki akiwa katika hali gani, kreti imo au haimo. Bondo linaandikwa kuwa ni sehemu iliyotoka kwenye mzigo uleule, hivyo kilo zake hazihesabiwi kuwa zimepotea. (Na bondo kwa kilo linaushinda mnofu bei, msilifiche kwenye "mengineyo".)

Msianze kubuni kila kitu. FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, imempa sangara alama NIP. Forodha duniani inautambua mnofu wake mbichi kwa namba 0304.33, na EPCIS, kiwango cha GS1 (shirika la misimbopau), tayari ina mpangilio wa kurekodi matukio ya mzigo: nini, lini, wapi, kwa nini. Chukueni hivyo, ongezeni vyenu vya Igombe.

Nikwambie ukweli: kwa mifumo mitatu ontolojia haipunguzi idadi ya viunganishi vya kutengeneza, maana kuiunganisha miwili miwili nako kunataka vitatu tu. Ikifika kumi, miwili miwili inataka 45, ontolojia inataka kumi. Kwa hiyo msimlipe mtaalamu bado. Na mizani iliyochezewa haitibiwi na ontolojia. Hiyo ni kazi ya Wakala wa Vipimo.

Wiki hii andika karatasi moja, mpelekee mpokea mizigo wa kiwandani na mnunuzi wa bondo. Uliza: uzito wenu unapimwa samaki akiwa katika hali gani, barafu imo, kreti imo, na mzigo mnautambua kwa namba ipi? Wakikujibu kwa maandishi, niandikie tena, tuichore ontolojia yenu.