Singa za mkonge kwa pedi: usizitumie mbichi

Dada wa Muheza, umeuliza kama singa za mkonge zinaweza kutengenezea pedi za wasichana wa shule. Zinaweza, ila si zikitoka tu korona, yaani mashine ya kuchakata majani ya mkonge. Zina lignini, kitu cha asili kinachokaza nyuzi za mmea, ndiyo maana ni ngumu, zinachoma, na hazinyonyi vizuri. Mwaka 2023 watafiti wa Stanford, Marekani, walieleza jinsi ya kuiondoa kwa asidi ya peroksifomiki, kisha kuzisaga mpaka zikawa laini na kunyonya kuliko pamba ya pedi za dukani. Asidi hiyo inaunguza ngozi na macho. Nakuomba sana, usiijaribu jikoni! Nenda TARI (Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania) Mlingano, hapo hapo wilayani kwenu, uzungumze na wataalamu wa mkonge. Kwa sasa washonee pedi za kitambaa cha pamba, zifuliwe kwa sabuni na kuanikwa juani zikauke kabisa.