Mtoto mwenye upungufu wa G6PD naye alale kwenye chandarua

Siku majibu ya kipimo cha mwanangu yalipotoka, shangazi yake alishangilia. "Basi huyu malaria haimwezi! Chandarua mpe mdogo wake." Nilikataa, na mzazi yeyote mwenye mtoto kama wangu namwambia akatae.

Si kwamba shangazi alitunga. G6PD ni kimeng'enya kinachozilinda chembe nyekundu za damu. Kikipungua, chembe huharibika upesi, na kimelea cha malaria nacho hupata taabu humo. Ndiyo maana upungufu huu umejaa kule malaria ilikotawala karne nyingi: Afrika, Uarabuni, nchi za Mediterania. Utafiti wa Gambia na Kenya wa 1995 uliona hatari ya malaria kali ikipungua kwa karibu nusu. Lakini ule wa Kilifi, Kenya, wa 2015 ulikuta waliokingika ni wasichana wenye jeni moja pungufu na moja nzima. Wavulana, wenye kromosomu X moja tu, ambako jeni hii hukaa, hawakuonekana kunufaika. Wangu ni mvulana! Wengine huchanganya na sikoseli: huko, aliyerithi upande mmoja tu ana kinga kubwa kweli, na hata yeye malaria humpata.

Kwa hiyo homa ikipanda, tunapima siku hiyo hiyo. Dawa mseto anameza kama watoto wengine.

Kazi hasa iko kwenye dawa nyingine, zinazoweza kuzivunja chembe zake nyekundu. Primakwini ya siku 14, dawa ya malaria inayojificha kwenye ini, hapewi, wala chochote chenye dapsoni, dawa ijulikanayo kwa kutibu ukoma. Lapdap, dawa ya malaria iliyokuwa nayo, iliondolewa sokoni 2008 kwa sababu ya watoto wa namna hii. Naftalini za kabatini nilizitupa zote. Duka la dawa ukisema "ana G6PD" utaulizwa "ndiyo nini?", kwa hiyo mimi hutoa kadi ya kliniki, nimeandika kwa wino mwekundu juu kabisa. Muuzaji akisitasita, naondoka.

Mkojo ukiwa mweusi kama soda, macho yakawa manjano, viganja vikapauka, usisubiri asubuhi. Na mtoto akipimwa G6PD wakati damu imetoka kupungua hivyo, majibu yanaweza kusema yuko sawa, kwa kuwa chembe changa bado zina kimeng'enya cha kutosha. Omba arudiwe baada ya miezi mitatu hivi.